Nahodha Aliyejua pa Kuishia

Jumamosi moja ya muhula uliopita, wiki ile ambayo bumu lilikuwa limeshakata na hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda popote, tulijazana watu saba kwenye chumba cha watu wanne kuangalia filamu kwenye laptopu ya mwenzangu anayelala kitanda cha juu. Filamu yenyewe inaitwa Miracle, ya mwaka 2004, na inahusu mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuucheza: hoki ya barafuni. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kwenye juisi ya kantini. Uwanja wa barafu wa karibu ninaoufahamu ulikuwa Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, na ndiko walikokuwa wakichezea vijana wa timu ya Kenya inayoitwa Ice Lions. Hapa kwetu, hata kuteleza kwenyewe tunateleza kwenye tope la njia ya hosteli masika.

Lakini filamu ilitukamata. Ni kisa cha kweli cha vijana wa vyuo vya Marekani walioifunga timu ya Umoja wa Kisovieti kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1980, timu ambayo ilikuwa imechukua dhahabu mara nne mfululizo. Bao la ushindi alilifunga nahodha, Mike Eruzione. Ilipoisha, chumba kizima kilikuwa kinapiga makofi kama vile Stars wamefuzu Kombe la Dunia.

Ndipo mmoja akauliza: "Sasa huyu nahodha, baada ya hapo alikwenda kuchezea timu gani?"

Nikachukua simu, nikatumia kibando changu kilichobaki, nikatafuta. Jibu: hakuna. Baada ya Olimpiki ile alitundika viatu. Alikuwa na miaka 25. Hakucheza hata mechi moja ya NHL, ligi kubwa ya hoki duniani.

"Alizingua huyo," akasema mtu kutoka pembeni ya mlango. "Una dhahabu shingoni, dunia nzima inakujua, halafu unaacha? Huyo hakuwa na njaa."

Wote wakacheka, wakakubali. Mimi nikanyamaza. Kwenye simu ile ile niliyokuwa nayo mkononi kulikuwa na ujumbe wa kiongozi wa klabu moja ya soka ya daraja la chini. Alikuwa ananitaka nijibu kabla ya Jumatatu kama naacha muhula niende kambini, au hapana.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, nimesoma kila nilichokipata kuhusu Eruzione, na leo nataka kuwajibu wale wenzangu wa chumbani hapa mbele ya chuo kizima. Maoni yangu ni haya: nahodha yule hakuzingua. Sisi ndio tunaozingua, kwa sababu tumejifundisha kwamba mchezaji aliyeishia chuoni na kwenye ligi ndogo ni mtu aliyeshindwa. Na imani hiyo inawaumiza wenzetu wengi humu humu chuoni.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Mike Eruzione alizaliwa Oktoba 1954, akakulia Winthrop, mji mdogo wa pwani jirani na Boston. Alikwenda Boston University, akachezea timu ya chuo miaka minne, na mwaka wa mwisho akawa nahodha. Kwa wale wasiojua, michezo ya vyuo Marekani si ya kuchezewa kwenye kiwanja cha vumbi mbele ya watu ishirini na mbuzi wawili. Pale Boston kuna mashindano yanaitwa Beanpot, yalianza mwaka 1952, yanakutanisha vyuo vinne tu vya eneo lile: Boston University, Boston College, Harvard na Northeastern. Watu wanalipa tiketi, wanajaza ukumbi. Kuwa nahodha wa Boston University ni jina.

Lakini jina la chuoni ni la chuoni. Eruzione alipomaliza mwaka 1977, hakukuwa na timu ya NHL iliyokuwa imemchagua kwenye mchujo wa wachezaji chipukizi. Hakuwa na mbio za kutisha, wala mwili mkubwa, na hata wanaomsifia leo hawasemi kwamba alikuwa na kipaji kuliko wenzake. Alichokuwa nacho ni vitu viwili. Cha kwanza, watu walimfuata. Cha pili, alikuwa na shahada ya elimu mkononi. Kwa lugha yetu, alikuwa amemaliza ualimu.

Akaenda ligi ndogo. Alichezea Toledo Goaldiggers, timu ya mji wa Toledo, jimbo la Ohio, kwenye ligi iliyokuwa ikiitwa International Hockey League. Jina lilikuwa kubwa kuliko ligi yenyewe. Wapinzani walikuwa timu za miji ya viwanda kama Flint, Saginaw, Kalamazoo, Fort Wayne na Port Huron, na maisha yalikuwa ya basi: unacheza usiku, unapanda gari, unalala kwenye kiti, kesho unacheza tena. Ngumi uwanjani zilikuwa sehemu ya kazi. Alikaa misimu miwili. Msimu wa kwanza, mwaka 1978, Toledo wakachukua ubingwa wa ligi, Kombe la Turner, na yeye akapata tuzo ya mchezaji bora mgeni kati ya waliozaliwa Marekani. Lakini hata baada ya hapo hakufika NHL.

Hapa naomba tusimame kidogo tuhesabu, maana mimi nasoma takwimu na siwezi kuipita namba bila kuigusa. NHL ya leo ina timu 32, na kila timu inaruhusiwa wachezaji 23 kwenye kikosi chake cha kawaida. Zidisha: nafasi 736, na zinagombewa na dunia nzima, Wakanada, Warusi, Waswidi, Wafini, Wacheki, wote hao. Chini yake kuna AHL, nayo ina timu 32. Chini ya hiyo kuna ECHL, yenye timu takriban 30. Na pembeni kuna vyuo zaidi ya 60 vya daraja la kwanza la michezo ya vyuo, na kila kimoja kina zaidi ya wachezaji 20, na kila mwaka kinatoa wahitimu. Haihitaji shahada kuona kwamba wengi wa watu hao, tena wengi mno, wataishia chuoni na kwenye ligi ndogo. Si kwamba ni wavivu au hawana njaa. Viti vichache, watu wengi.

Kwetu ni hivyo hivyo. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kadiria wachezaji 30 kwa kila timu, unapata 480, na humo wamo wa kutoka nje. Halafu piga picha vijana wote wa nchi hii wanaocheza ndondo kila jioni. Sasa kwa nini yule asiyeingia kwenye hao 480 tumwite aliyeshindwa?

Turudi kwa Eruzione. Mwaka 1979 kocha wa timu ya taifa, Herb Brooks, aliitisha vijana kwa ajili ya Olimpiki itakayofanyika Lake Placid, jimbo la New York. Brooks alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Minnesota na alishakipa ubingwa wa vyuo mara tatu, 1974, 1976 na 1979. Alikuwa na kidonda chake pia: mwaka 1960, akiwa mchezaji, aliachwa dakika za mwisho kwenye kikosi cha Olimpiki, na kikosi hicho kikaenda kuchukua dhahabu bila yeye. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiwachuja vijana alijua kuchujwa kunauma vipi.

Eruzione akapita, akafanywa nahodha, akiwa mmoja wa wakubwa kiumri kwenye timu ya wachezaji 20. Hata hivyo nafasi yake haikuwa ya uhakika. Michezo ilipokaribia, Brooks alimtishia kumwacha. Februari 9, 1980, siku chache kabla ya mashindano, walicheza na Wasovieti mechi ya kirafiki pale Madison Square Garden. Wakala kumi. Ndiyo, 10 kwa 3.

Ndiyo maana kilichotokea Februari 22 watu wanakiita muujiza. Hoki inachezwa vipindi vitatu vya dakika 20. Wasovieti walipiga golini mara 39, Wamarekani mara 16 tu. Kipa Jim Craig, naye wa Boston University, alikuwa akiokoa kila kona. Mark Johnson alisawazisha kuwa 2 kwa 2 ikiwa imebaki sekunde moja tu kipindi cha kwanza kiishe, na kocha wa Wasovieti, kwa hasira, akamtoa kipa wake maarufu, Vladislav Tretiak. Wasovieti wakaongoza tena 3 kwa 2. Kipindi cha tatu Johnson akasawazisha tena. Halafu, zikiwa zimebaki dakika kumi kamili, Mark Pavelich akamsogezea Eruzione kile kisahani cha mpira, Eruzione akatelezea katikati, akamtumia beki kama pazia, akapiga. 4 kwa 3. Dakika kumi zile hakuna aliyekaa.

Na bado haikuwa fainali. Siku mbili baadaye walikuwa nyuma 2 kwa 1 dhidi ya Finland kabla ya kushinda 4 kwa 2 na kuchukua dhahabu. Kwenye jukwaa la medali alipanda nahodha peke yake, kwa niaba ya timu, kama ilivyokuwa desturi. Wimbo wa taifa ulipokwisha akageuka, akawaita wenzake wote wapande. Jukwaa la mtu mmoja likabeba watu ishirini.

Baada ya hapo New York Rangers walikuwa tayari kumpa mkataba. Akasema hapana. Alijua hakuna kitu atakachokifanya uwanjani maishani mwake kitakachofika pale. Alijua pia yeye ni mchezaji wa kiwango gani, maana misimu miwili ya Toledo ilikuwa imemwambia ukweli. Akaacha.

Wenzangu wa chumbani walisema hakuwa na njaa. Mimi naona alijua kujipima, na hicho ni kipaji kigumu kuliko kukimbia. Tazama waliokwenda. Katika wale 20, wachezaji 13 walifika NHL. Wapo waliong'ara: Ken Morrow alichukua Kombe la Stanley mwaka ule ule na New York Islanders, na Neal Broten alicheza miaka mingi sana. Lakini Jim Craig, yule kipa aliyezuia mikwaju 36 siku ya Wasovieti, alicheza mechi 30 tu za NHL, basi. Hakuna anayemwita Craig aliyeshindwa kwa sababu alijaribu, na mimi simwiti hivyo. Ninachosema ni kwamba kujaribu na kuacha vyote ni maamuzi ya mtu mzima. Tuache kusifia kimoja na kukicheka kingine.

Na kuna jambo dogo nililipenda sana. Mechi ile ya Wasovieti, mmoja wa watangazaji wa televisheni alikuwa Ken Dryden. Huyu naye alitoka chuoni, Cornell, akapitia ligi ndogo kidogo, kisha akawa kipa wa Montreal Canadiens na kuchukua Kombe la Stanley mara sita. Katikati ya yote hayo alisimama msimu mzima, 1973 hadi 1974, kwenda kufanya mafunzo ya uwakili Toronto. Na mwaka 1979, akiwa na miaka 31 na bado yuko kileleni, aliacha kabisa. Mmoja alikuwa na kila kitu kwenye NHL, mwingine hakuwa na hata mechi moja. Wote wawili waliondoka kwa miguu yao wenyewe, na wote wawili walikuwa na shahada kabla.

Najua kuna atakayeniambia: "Kaka, hiyo ni rahisi kwake. Yeye alikuwa na dhahabu. Amekula matunda ya bao moja miaka yote hiyo." Ni kweli, na sitaki kuificha. Eruzione alitangaza Olimpiki kwenye televisheni, amelipwa kutoa hotuba kila pembe ya Marekani, na mwaka 2013 jezi aliyoivaa siku ile iliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola 650,000. Sisi hatutapata mnada wa jezi. Jezi zetu zenyewe tunarudisha stoo ya michezo mechi ikiisha.

Lakini angalia mpangilio wa mambo. Shahada ilikuja 1977, bao likaja 1980. Asingefunga bao lile, asingeitwa hata kwenye timu, bado angekuwa kijana mwenye shahada ya elimu, aliyecheza nahodha wa chuo, aliyeshinda ubingwa wa ligi ndogo, na anayeweza kurudi Winthrop kufundisha darasani na kunoa timu ya shule. Kina nani wale waliokuwa naye kwenye basi la Toledo? Mimi na wewe hatuwajui. Nao waliacha siku moja, wakaenda kwenye kazi zao, na maisha yao hayakuwa utani kwa sababu hatuyajui. Bao la Lake Placid lilimfanya Eruzione kuwa maarufu. Kilichomfanya awe salama alikuwa amekipata kabla.

Sasa nije nyumbani, maana sikuandika haya ili nionekane nimesoma mambo ya Wamarekani.

Mwaka wa pili nilisafiri na timu ya chuo kwenye michezo ya vyuo. Siku kumi. Nilikuwa na barua ya ruhusa. Niliporudi nikakuta majaribio mawili yamefanyika. Kwa mwalimu mmoja nilipokewa vizuri, akanipangia siku nyingine. Kwa mwingine niliambiwa nichague kati ya mpira na masomo. Ile barua haikuonekana kwenye faili lolote. Nikaingia kwenye sapu kwa somo ambalo nilikuwa nalimudu. Mama alipiga simu, akasema, "Mwanangu, nilikupeleka ukasome, siyo ukakimbie." Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka huo huo kipa wetu aliacha chuo. Alikuwa bora kuliko sisi sote, na klabu moja ilimwahidi mshahara. Aliahirisha masomo mwaka wa kwanza, hakurudi wa pili. Nilionana naye juzi. Mshahara ulikuja miezi miwili, kisha ukaanza kuwa "wiki ijayo". Bega likatoka, klabu ikasajili kipa mwingine. Anaendesha bodaboda sasa, na anaendesha kwa heshima, sina neno na kazi yake. Lililoniuma ni alivyoniomba. "Usiwaambie wana kwamba umeniona." Anaona aibu. Mtu aliyetushindia penati tatu, anaona aibu kutembea kwenye njia za chuo chake mwenyewe. Hiyo aibu ameipata kwetu, kwenye vijiwe vyetu, kwenye utani wetu wa nani ametoboa na nani amefulia.

Na mimi? Jumatatu ile nilimjibu yule kiongozi wa klabu. Nilimwambia hapana, si kabla ya kumaliza UE. Akasema nafasi haitasubiri. Nikamwambia naelewa. Goti langu la kushoto lina maji tangu mwaka wa kwanza, na namba nilizoziandika hapo juu nilikuwa nimezihesabu usiku ule ule kwenye daftari. Mimi ni winga mzuri wa chuo. Nimeona mawinga wa Ligi Kuu kwa macho yangu, nikiwa nimekaa jukwaani, na najua tofauti. Inauma kuandika hivi. Mechi yangu ya mwisho na jezi ya chuo ni mwezi ujao, na kuna siku naamka nataka kumpigia simu yule mtu nimwambie nimebadili mawazo. Sijampigia.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kusema, na nayasema kwa serikali yetu ya wanafunzi, kwa uongozi wa chuo na kwetu sisi wachezaji.

La kwanza, ratiba. Michezo ya vyuo inajulikana mapema. Wizara ya michezo ya serikali ya wanafunzi ipeleke majina ya wachezaji na tarehe za safari kwenye kila idara mwanzoni mwa muhula, isainiwe, nakala ibaki kwa mchezaji. Anayekosa jaribio kwa sababu ya kuiwakilisha chuo afanye jaribio hilo ndani ya wiki mbili baada ya kurudi. Kuna wenzetu watasema tunataka kubebwa. Hatuombi maksi za bure. Tunaomba jaribio lile lile, siku nyingine. Mwanafunzi asiwe anategemea bahati ya kukutana na mwalimu mwenye huruma.

La pili, miili yetu. Goti langu nimelitibu kwa pesa ya bumu, na nusu ya matibabu yenyewe ilikuwa barafu ya kuazima kwa mama wa kantini. Timu inayosafiri kwa jina la chuo isafiri na mtu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza, na anayeumia afuatiliwe mpaka apone, siyo mpaka basi lifike getini.

La tatu, kumbukumbu. Eruzione alirudi Boston University. Aliwahi kuwa kocha msaidizi pale, kisha akakaa miaka mingi akifanya kazi ya kukiunganisha chuo na watu wake wa zamani. Chuo kilimtumia, naye akakitumia. Sisi hatuna hata orodha ya waliowahi kuwa manahodha wetu. Wapo walimu, wahasibu, mabwana shamba, maofisa wa benki, waliovaa jezi hii. Tukiwa na daftari la majina yao, mdogo wetu anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo angekuwa na pa kuanzia. Na kila mwisho wa mwaka wachezaji wanaomaliza waagwe uwanjani, kabla ya mechi, mbele ya watu. Haigharimu kitu. Waagwe wote, hata yule wa benchi, na hata yule aliyeondoka bila kumaliza aitwe arudi siku hiyo.

Sisemi tuwaige Wamarekani kila kitu. Vyuo vyao vilivuna pesa kwenye tiketi na televisheni kwa miongo mingi huku wachezaji wakikatazwa kupata chochote nje ya ufadhili wa masomo. Ni tangu mwaka 2021 tu wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata kipato kwa majina yao. Dhuluma ipo kila mahali, yao ina viyoyozi tu. Lakini wazo kwamba mtu anaweza kuwa mchezaji wa kweli na mwanafunzi wa kweli kwa wakati mmoja, na kwamba siku akiacha mchezo anabaki kuwa mtu kamili, hilo tunaweza kulichukua bila kulipia ushuru.

Na kwako wewe mwenzangu unayecheza, ambaye nawe una ujumbe kwenye simu unaosubiri jibu: sikuambii ukatae. Kama uwezo unao, na mkataba umeandikwa, na umeusoma na mtu anayejua kusoma mikataba, nenda, na sisi tutakuja kukushangilia. Ninachokuomba ni ujipime kwa macho makavu, umalize kilichobaki kama kinamalizika, na ukiamua kuacha usimwombe mtu yeyote msamaha.

Yule kipa wetu nimemtumia tarehe ya mechi yangu ya mwisho. Nimemwambia aje na jezi yake ile ya zamani, maana nakumbuka hakuirudisha stoo. Hajajibu bado, ila ujumbe ameusoma.